Mama Stanslaus na Barua ya Msibani

Mimi na Mama Stanslaus tumegombana miaka tisa, na anayetusikia kwa mbali atadhani namchukia. Nimchukie kwa lipi? Ningekuwa namchukia nisingepanda pikipiki kutoka Mwakitolyo hadi Tinde, na vumbi lote lile la njiani, kwenda kugombana naye ana kwa ana wakati simu ninayo mfukoni.

Jina lake la ubatizo ni Bernadina. Ni fundi cherehani pale Tinde, ana chumba chake jirani na mashine ya kusaga, na anashona sare za shule, magauni ya kipaimara, na jezi. Pamoja na hayo ndiye katibu wa ligi yetu ya vijana chini ya miaka kumi na mitano, timu kumi, kuanzia huku kwetu machimboni mpaka vijiji vya wakulima kama Didia. Hakuna aliyempigia kura. Alianza kwa kutushonea jezi tu. Lakini mtu anayewapima watoto wa watu kifua na mabega kila msimu anajua mengi, na mwaka wa pili akaanza kutuuliza maswali mbele za watu.

"Baba Mwamvua," aliniambia siku moja, tepu ikiwa shingoni, "huyu beki wako mwaka jana alikuwa na miaka kumi na minne, na mwaka huu ana kumi na minne. Kifua kimeongezeka inchi nne. Miaka yenyewe haiongezeki?"

Makocha wenzangu wakaangua kicheko. Yule beki alikuwa kijeba, na mimi ndiye niliyempunguzia miaka ili acheze na watoto. Nilitamani ardhi ipasuke. Toka siku hiyo vijeba wa timu zote wakaanza kukwepa kupimwa jezi, na msimu uliofuata tukamkabidhi Mama Stanslaus daftari la usajili, kwa sababu kila kocha aliona heri mama huyu kuliko kocha mwenzake.

Mimi ni Akida, Mzaramo wa Kisarawe. Nilikuja huku kijana kufuata dhahabu, nikaingia duarani, yaani kwenye yale mashimo yetu ya kuchimbia, nikatoka na mgongo unaouma na akili kidogo. Siku hizi nina karasha ya kusagia mawe, na jioni nafundisha mpira. Mama Stanslaus ni Msukuma, na Wazaramo na Wasukuma ni watani toka enzi za mababu. Nikiingia chumbani kwake nachukua chapati sahanini bila kuuliza. Yeye akinikuta sokoni ananivua kofia anaondoka nayo, na mke wangu alishazoea kuninunulia nyingine. Kitu alichokuchukulia mtani hakidaiwi. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kasoro.

Sasa hii kanuni yake ya uhamisho, iliyonitoa jasho, ilikuwa na sababu. Huku kwetu ikitokea rashi, yaani habari zikivuma kwamba dhahabu imetoka mahali fulani, watu wanahama siku hiyohiyo. Baba anabeba sururu, mama anabeba sufuria, watoto wanafuata. Msimu mmoja niliamka nina wachezaji sita, na timu ya machimbo mapya ilikuwa nao thelathini na mmoja. Makocha tukageuka wezi. Huyu anamwita mtoto kwa soda, yule kwa viatu vya mpira, mtoto anacheza huku Jumamosi na kule Jumapili. Wiki ya fainali kocha mmoja alizoa watoto saba wa mwenzake, ngumi zikapigwa katikati ya uwanja, watoto wakiangalia.

Mama Stanslaus akakaa chini akaandika kanuni kwa mkono wake. Mchezaji hahami bila barua ya kuachiwa, yenye sahihi ya kocha na muhuri wa timu. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili jioni. Mchezaji akisaini timu mbili bila barua, anafungiwa msimu mzima.

Tulimpigia makofi. Wa kwanza kunaswa akawa mwanawe mwenyewe, Stanslaus, aliyehadaiwa kwa viatu vyekundu akasaini timu ya pili. Sote tulimwambia amsamehe, mtoto ni mtoto. Aka! Hakumsamehe. Stanslaus alikaa msimu mzima nje ya uwanja, na ulipoisha hakurudi tena mpirani. Sasa hivi yuko Geita, anachimba. Mama yake hajawahi kulizungumza hilo mbele yangu, na mimi na domo langu lote sijawahi kuliuliza.

Basi, mimi nilikuwa na Luka. Luka Maige, winga wa kushoto. Mama yake, Mageni, alikuwa akiuza uji pale karashani kwangu, na mtoto alianza kupiga mpira wa matambara akiwa na miaka minane, mama yake akikoroga sufuria. Nina mabinti wanne, nawapenda wote, na hakuna hata mmoja anayetaka kusikia habari za mpira. Luka alikuwa ananisubiri mlangoni na mpira kwapani kabla sijamaliza chai. Nampenda yule mtoto, niseme nini zaidi.

Pasaka iliyopita Mageni alirudi kwao Didia, kwa sababu mama yake amepooza upande mmoja, na Luka akahamishiwa shule ya hukohuko. Nikasema hakiharibiki kitu. Kabla hawajaondoka nikamsainisha mtoto fomu ya msimu mpya, nikapanga kila Ijumaa apande basi aje alale kwangu, Jumapili arudi. Huu ndio ulikuwa msimu wake wa mwisho, mwakani umri unamtoa kwenye ligi. Mageni sikumuuliza. Luka mwenyewe sikumuuliza.

Mwezi wa tano akafariki mama yake Maduhu. Huyu Maduhu ndiye kocha wa Didia, mkulima wa mpunga, mtu mpole mpaka anakera. Asubuhi ile nilikuwa nimepitia Tinde kuchukua fomu nyingine za ligi, kwa hiyo nilifika msibani na mkoba wenye fomu na muhuri wa timu ndani yake. Nikawakuta watu wamezama kwenye huzuni, na mtani hakuja kuzama nao. Nikajifunga kanga ya marehemu. Nikaigiza alivyokuwa akiwakimbiza wajukuu kwa fimbo, na wale mabinti zake, ambao hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu jana yake, wakaanza kucheka na machozi yao usoni. Tulipofika makaburini nikajitupa juu ya udongo, nikasema bibi hazikwi mpaka nipewe jogoo.

"Jogoo nakupa," akasema Maduhu. "Na wewe nipe yule winga wako wa kushoto."

"Luka? Kwa jogoo mmoja tu? Mchukue!"

Nikafungua mkoba palepale, nikatoa fomu ya barua ya kuachiwa, nikajaza jina la Luka, nikaandika Didia, nikasaini kwa mbwembwe huku nimelala chali, nikapiga muhuri. Watu walicheka jamani! Katekista aligeukia pembeni mabega yakimtikisika. Mama Stanslaus alikuwa upande wa akina mama, na nilimwona kwa macho yangu mawili ameshika mbavu. Maduhu akaikunja ile karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaniletea jogoo. Bibi akazikwa vizuri. Jogoo tulimla Mwakitolyo siku iliyofuata, mke wangu alimuunga kwa nazi niliyotumiwa kutoka nyumbani, na ile karatasi sikuikumbuka tena.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita niliingia kwa Mama Stanslaus saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kama kawaida yangu. Wenzangu walikuwa wameshaleta fomu zao toka Jumatano. Akaangalia saa, akaniangalia mimi, akazipokea bila kuzisoma, akafunga mlango. Kesho yake asubuhi, alipokuwa akihamishia majina kwenye daftari kubwa, akanipigia simu. Siku nyingine huanza kwa kuniita Mzaramo mwizi wa chapati. Safari hii aliniita kwa heshima zote, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba Mwamvua, kesho baada ya misa ya pili uwe hapa kwangu. Luka amesaini timu mbili."

Jumapili nilifika nimeshawaka. Maduhu alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Luka alikuwa nje, anashikilia baiskeli ya Maduhu, na mfuko wa plastiki umening'inia kwenye usukani. Mezani kando ya cherehani zilikuwepo karatasi tatu: fomu yangu yenye sahihi ya Luka, fomu ya Didia yenye sahihi ya Luka, na ile barua yangu ya msibani, udongo wa makaburini bado uko pembeni yake.

"Maduhu!" nikafoka hata salamu sijatoa. "Yaani utani wa msibani umeupeleka kwenye usajili? Huna haya wewe?"

"Mtani, ulinipa," akajibu taratibu. "Nilijua unajua kwamba mtoto amehamia kwetu. Nikasema, Akida ameona aibu kuja kunipa hivihivi, akaona apitishie kwenye utani. Nikamwambia Luka, kocha wako amekuachia. Mama yake alimshukuru Mungu, alikuwa hajui aanzie wapi kukwambia."

Lahaula. Yule bwana alikuwa amenifikiria wema ambao sikuwa nao. Nikamgeukia Mama Stanslaus.

"Wewe ulikuwepo! Ulicheka! Waambie kama ile ilikuwa barua au ilikuwa mchezo!"

"Nilicheka sana," akasema. "Siku ile nilikwenda kuzika. Leo nimekaa na daftari. Sikiliza, Baba Mwamvua, na usinikatize maana nakujua."

Akaweka kidole juu ya fomu yangu. Akasema Luka alinisainia mimi Pasaka, na kwa Maduhu alisaini mwezi wa sita. Kama barua ya kuachiwa ni ya kweli, sahihi ya Pasaka ilikufa siku ile nilipopiga muhuri. Mtoto ni wa Didia, hana kosa, na aliyekosa ni mimi niliyeleta fomu yenye sahihi iliyokufa. Kama barua ni mzaha, basi sahihi zote mbili ni hai, na Luka amesaini timu mbili bila barua. Hapo hatacheza Didia, hatacheza Mwakitolyo, hatacheza popote mpaka msimu uishe.

"Na ukiisha umri umeshamtupa," akamalizia.

"Basi Maduhu aondoe jina lake!"

"Naondoa, mayu," Maduhu akasema harakaharaka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mtoto asiumie kwa ajili yangu. Futa."

"Dirisha limefungwa juzi saa kumi na mbili. Nikifuta leo la Luka, kesho nitakataa vipi kufuta la mwingine? Ungeleta fomu Jumatano kama wenzako, Baba Mwamvua, ningeliona hili mapema, tungekaa tukalimaliza. Wewe huleta watoto wa watu dakika tano kabla ya kufunga."

"Ichane hiyo barua! Nani atajua?"

"Luka atajua," akasema.

Nikapiga meza. Nikamwambia ana roho ngumu, anapenda karatasi kuliko watoto. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huokota jiwe lililo karibu. Nikaenda mbali zaidi, nikamwambia hata wa kwake mwenyewe alimmaliza kwa kalamu hiyohiyo. Maduhu alishusha macho. Mimi nilisikia neno limeshatoka, na nikatamani kulirudisha, lakini wapi.

Mama Stanslaus hakufoka. Aliikunja tepu yake taratibu mpaka ikawa duara dogo mkononi.

"Ni kweli," akasema. "Kanuni niliiandika mimi, na ilianzia kwangu. Nilikuwa nalinda watoto, na wa kwanza kuumia akawa mwanangu. Sijawahi kulala vizuri kwa ajili ya msimu ule. Sasa nakuomba, usinifanye niandike jina la pili. Ukitamka mzaha, nitaliandika. Kwa hiyo usinijibu kwa hasira. Kaa kwanza."

Nikakaa. Nilikaa kwenye kigoda wanachokalia watoto wakipimwa jezi, magoti yamenifika kifuani, mzee mzima. Nilitaka kusema ni mzaha. Ilikuwa mzaha! Mbingu na ardhi ni mashahidi kwamba nilikuwa nimelala chali kwenye udongo nachekesha waliofiwa. Kumbe kusema kweli kungemfungia mtoto msimu mzima, na kumponya ilibidi nikubali mbele za watu kwamba kwa akili zangu timamu nilimtoa Luka wangu. Halafu nikamkumbuka Mageni akishukuru Mungu kwa kitu ambacho sikumpa. Wallahi nilijiona mdogo.

"Nimwombe radhi kwanza mama mwenye nyumba," nikasema.

"Utaniomba baadaye. Kocha akitamka jambo la kuachiwa, mchezaji lazima asikie. Luka! Ingia ndani."

Luka akaingia na mfuko wake wa plastiki, akatuamkia wote mmoja mmoja. Miezi mitatu tu na alikuwa amerefuka. Mama Stanslaus akamwambia kwamba kuna barua hapa, na kocha atasema kama ni ya kweli. Lakini yule mtoto hakusubiri.

"Kocha, wenzangu wa Mwakitolyo wananiambia uliniuza kwa jogoo, watu wakacheka. Kocha Maduhu anasema uliniachia kwa sababu ya bibi yangu. Ni ipi?"

Alikuwa ananiangalia usoni. Nimewahi kuporomokewa na kifusi duarani nikatolewa nikiwa hai, na sikubanwa kifua namna ile.

"Barua ni ya kweli," nikasema. "Nilikuachia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Haya," akasema Luka. "Nilidhani labda wamekosea."

Maduhu alikuwa anaikunjakunja kofia yake. Mama Stanslaus akaisogeza ile barua mbele yangu na kalamu juu yake, akanionyesha mstari wa chini kabisa, ulioandikwa Sababu ya kuachiwa. Mimi siku ile ya msiba sikuufika, nilikimbilia muhuri.

"Huu mstari hauhusiani na dirisha," akasema. "Niliuweka kwa ajili ya mchezaji, si kwa ajili ya ligi. Ni haki yake kujua. Jaza."

Nilichukua muda. Mwandiko wangu si mzuri siku za kawaida, na siku ile ulikuwa mbaya zaidi. Nilipomaliza akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho yake ndipo aone, akaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, akimwelekea Luka na si mimi.

"Bibi yake anaumwa na mama yake anamhitaji karibu. Timu haikumchoka. Kocha ndiye alichelewa kuona."

Akairudia sentensi ya katikati. Luka akaitikia kwa kichwa. Kisha Mama Stanslaus akaandika kwenye daftari kwamba Luka Maige ni wa Didia, halali, na chini yake akaandika kwamba mimi Akida sitakanyaga uwanjani mechi tatu kwa kuleta sahihi iliyokufa. Nikamwambia sawa, aandike hata nne. Akasema kanuni inasema tatu.

Luka akafungua ule mfuko wa plastiki. Alikuwa ameleta jezi yetu, namba kumi na moja, kwa sababu mchezaji akiachiwa anarudisha jezi. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Akaniletea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Kaa nayo, mwanangu," nikamwambia. "Hiyo ni yako."

"Jezi ni mali ya timu," Mama Stanslaus akasema. "Pokea, Baba Mwamvua."

Nikaipokea. Ilikuwa bado na joto la pasi, au labda joto la jua la njiani, sijui, nilijikuta nimeikumbatia mbele ya watu na machozi yananitoka, na Luka naye akanishika mkono akawa anasema basi kocha, basi. Maduhu akatoka nje kuangalia baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mama Stanslaus akatugeuzia mgongo, akaketi, akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu, sindano ikipanda na kushuka mbiombio. Niliponyanyua uso nimwombe radhi niliyomuahidi, nikaona hakuna kitambaa chini ya sindano.